Vichupa vya Wakwe Zangu wa Suji

Likizo iliyopita mjukuu wangu anayesomea maabara alinionyesha kwenye simu picha ya mashine mpya. Kwa maelezo yake, unaitia makohozi, unakwenda kunywa chai, ukirudi imeshakuandikia kama mgonjwa ana kifua kikuu au hana. Nikamwuliza, "Na ukiitia mate?" Akacheka sana, akadhani babu anatania. Sikuwa natania. Mimi niliwahi kumpelekea Mwingereza mate ya ukoo mzima kwa miezi mitano, yakiwa yamefungwa vizuri kwenye vichupa na kuandikwa namba, na nusura nimuue mama mkwe wangu kwa heshima.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake. Walimu wenu wanawafundisha habari za mdudu, na wanawafundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi. Nitawaeleza habari za anayekohoa.

Miaka ile ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatutawala, kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa kuishi nao. Mtu alikohoa mwaka huu, akakohoa mwaka unaofuata, nguo zikazidi kumpwaya, na watu wakazoea kikohozi chake kama wanavyozoea sauti ya mlango. Waliopimwa na kukutwa nacho walipelekwa hospitali ya mbali, wakalala huko mwaka mzima au zaidi wakichomwa sindano. Watu wetu wa milimani waliiogopa safari hiyo kuliko ugonjwa wenyewe. Nani angelisha mbuzi? Nani angekwenda kumwagilia shamba zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kijiji, itakapofika?

Zilipotoka dawa za vidonge, akaja daktari mmoja Mwingereza na swali moja tu. Je, mtu anaweza kupona akiwa nyumbani kwake, anameza vidonge huku anaendelea kula makande yake? Akafungua kituo cha utafiti pale Same, nyumba ya bati si mbali na stesheni ya reli, yenye joto la kuoka mkate. Jina lake lilitushinda kulitamka. Kwa kuwa kila alikokwenda aligawa vichupa vya kutemea, watu walimwita Bwana Vichupa, naye alipoelezwa maana yake akafurahi, akawa anajitambulisha hivyo hivyo.

Alitaka kulinganisha dawa. Kundi moja la wagonjwa lilipewa vidonge vyeupe peke yake, na kundi la pili vidonge pamoja na unga mchungu wa kukoroga kwenye maji. Nani aingie kundi gani, yeye hakuchagua. Kila mgonjwa alichagua bahasha iliyofungwa, na ndani yake mlikuwa na jibu. Mchili mmoja, yaani kiongozi wa kijiji, alipochagua bahasha ya unga mchungu alidai abadilishiwe kwa sababu yeye ni mtu wa serikali. Bwana Vichupa akamjibu kwa Kiswahili chake, "Bahasha hapana jua cheo." Mchili akaunywa, na kila alipounywa aliitukana bahasha.

Mimi nilikuwa dresa kijana, mzaliwa wa Shighatini kule Ugweno, kazi yangu kufunga vidonda na kuandika majina kwa mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipeleka maabara. Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Bakari, Mdigo wa Tanga, mtu mnene, mpole, aliyekuwa ameinamia darubini miaka mingi hata akitembea barabarani alionekana anatafuta kitu. Alikuwa na ulimi wa upole na maneno ya kukata. Nilimpenda mtu yule, na bado nampenda.

Sikilizeni alivyonifundisha, hata kama mashine yenu haina haja nayo. Makohozi hayamiminwi ovyo kwenye kioo. Unachukua kijiti, unatafuta kipande kizito chenye rangi ya maziwa yaliyoganda, maana mdudu anakaa humo. Unapaka kiasi kwamba ukikiweka kioo juu ya gazeti uweze kusoma herufi. Kikikauka unakipitisha juu ya taa ya spiriti mara tatu, unamwaga rangi nyekundu, unapasha mpaka mvuke uanze kupanda, na hapo unaondoa moto. Usiache ichemke! Kisha tindikali, inayofuta wekundu wote isipokuwa kwa mdudu wa kifua kikuu, kwa sababu ana koti la nta. Mwisho rangi ya buluu. Ukichungulia unaona uwanja wa buluu, na humo, kama yumo, vijiti vyekundu vyembamba.

Wiki yangu ya kwanza niliichemsha ile rangi. Ikagandia kwenye kioo, na nilipochungulia nikaona wekundu kila mahali. Nikaruka kutoka kwenye kiti. "Mwalimu! Mwalimu! Huyu anao maelfu!" Mwalimu Bakari akaja taratibu, akachungulia.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Umegundua kifua kikuu cha rangi. Mgonjwa mzima, kioo ndicho mahututi."

Tena ile rangi haitoki mikononi. Nikaenda kanisani na vidole vyekundu, na mama mmoja akahamia benchi la nyuma, akidhani nimetoka kuchinja siku ya ibada.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa nimemwoa Nakijwa, binti wa Suji. Mgweno kuoa Suji haikuwa ajabu, ila Chasu changu, lugha yao ya Kipare, kiliwachekesha mno, na mashemeji walikuwa wakinialika niongee tu ili wapate kucheka. Bwana Vichupa alipojua kwamba mke wangu katoka huko, alipiga meza kwa furaha. "Wewe enda Suji kila mwezi. Kule watu yako." Kwake, mtu aliyeoa mahali ni mtu wa mahali hapo. Sikumsahihisha. Nilipenda kwenda, na nilipenda zaidi kuonekana nimetumwa na serikali na sanduku.

Ninyi siku hizi mnakaa kochi moja na mama wakwe zenu mkiangalia tamthilia. Sisi haikuwa hivyo. Mama mkwe hali chakula mbele yako. Hapigi miayo mbele yako. Mkikutana kwenye kijia chembamba, mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzake, na mnasalimiana mkiangalia migomba. Na msidhani mama mkwe ni mmoja. Mama yake mdogo Nakijwa ni mkwe, shangazi zake ni wakwe, mke wa baba yake mkubwa ni mkwe. Ule mteremko mzima niliopewa, wenye kina mama kumi na mmoja wanaokohoa, waliokutwa na ugonjwa kwa picha ya kifua, wote walikuwa wakwe zangu. Mashemeji ndio waliokuwa watani, na hao mnaweza kutukanana mpaka jua lizame.

Amri ya Bwana Vichupa ilikuwa kali: mgonjwa akohoe mbele ya macho yangu. Alikuwa na sababu. Sehemu nyingine watu wenye afya walikuwa wanawakoholea wagonjwa wao, ili wasije wakapelekwa ile hospitali ya mbali. Kwa hiyo kwenye fomu, safu ya mwisho kabisa, paliandikwa: *Umeona mwenyewe?* Nami nilitakiwa kujaza ndiyo au hapana.

Nilikuwa napanda treni mpaka Makanya, kisha mguu, mlima kwa mlima, sanduku la mbao kichwani. Ndani yake vichupa vilikaa kila kimoja kwenye chumba chake, vimezungukwa na maranda yaliyoloweshwa maji ili makohozi yasiharibike kwa joto la tambarare. Nilifika jioni, nikagawa vidonge vya mwezi, nikalala kwa wakwe. Alfajiri kina mama walikuja uani mmoja mmoja.

Wa kwanza siku zote alikuwa mama mkwe wangu mwenyewe, Mama Nakijwa. Alikuwa mama mwembamba, mrefu, mwenye macho ya kucheka, na alinipenda tangu siku ya posa, kwa sababu, kama alivyomwambia binti yake, "huyu Mgweno hajui kusema uongo, uso wake unamsaliti." Basi alikuja kajitanda kanga mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Habari za Same?"

"Njema. Kichupa hiki hapa, mama. Ukohoe kutoka chini kabisa ya kifua."

Alikipokea kwa mikono miwili, akanigeuzia mgongo. Na mimi, mkwe mwenye adabu, nikamgeuzia mgongo pia, nikaangalia ndiva kule chini na ukungu unavyoondoka juu ya maji. Nilisikia kisauti kidogo, *tfu*, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Halafu kichupa kilirudi kikiwa kimefungwa kwa jani la mgomba, kisafi, kinang'aa. Nikachukua kalamu. *Umeona mwenyewe?* Ndiyo.

Kwa shemeji yangu Eliakimu, mdogo wake Nakijwa, aliyekuwa mgonjwa kama mama yake, nilisimama nimemkazia macho. "Kohoa wewe! Mwanaume mzima unakohoa kama kifaranga?" Naye akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akanitemea kichupa tele, akanitukana kwa Chasu, tukacheka.

Miezi ikapita. Vioo vya kina mama wa Suji vikaanza kutoka safi. Mwezi wa kwanza sikushangaa sana. Mwezi wa pili nikaanza kutembea kifua mbele. Wa tatu, wa nne, wa tano, safi, safi, safi, wote kumi na mmoja, wenye unga na wasio na unga. Wenye wadudu walikuwa mashemeji tu, Eliakimu na wenzake wawili. Na mimi, kwa akili zangu nyingi, nikapata jibu: vijana hawamezi dawa. Nikamkaripia Eliakimu mbele ya watu, nikamwambia anatupa vidonge vya serikali porini.

"Mimi nameza," akasema, na safari hii hakucheka. "Muulize mama."

"Anameza," akasema mama yake akiwa jikoni, maana hakutoka. "Namwona kila asubuhi." Nikaona ni mama anayemtetea mwanawe. Nikaandika kwenye fomu kwamba shemeji yangu ni mtoro wa dawa.

Bwana Vichupa alifurahi hata akanimiminia chai kwa mkono wake. Vidonge vinaponya! Vinaponya nyumbani, kwa mtu anayelima na kupika! Akaandika barua ndefu kwa wakubwa zake. Kisha akaninyooshea orodha: kina mama wote wa Suji walikuwa wamefikisha miezi ya kutosha bila mdudu, kwa hiyo mwisho wa mwezi ule wangesimamishiwa dawa, wahesabiwe wamepona. Jina la kwanza lilikuwa la mama mkwe. Usiku ule nilimpa Nakijwa habari, akapiga vigelegele hapo hapo jikoni.

Siku mbili baadaye Mwalimu Bakari aliniita. Alikuwa na tabia ya kupitia vioo vya zamani kwenye kabati wakati kazi ni chache, kama wengine wanavyocheza bao. Alikuwa ametoa vile vya Suji na kuvipanga mezani.

"Vioo vyako vizuri mno," akasema.

"Asante, Mwalimu."

"Sikusifu. Njoo uchungulie. Unaona nini?"

"Hakuna mdudu."

"Sikukuuliza usichokiona. Nakuuliza unaona nini."

Nikachungulia tena. Niliona chembe kubwa, bapa, zenye nukta katikati, zimetawanyika. Basi. Akanipa kijiti. "Kwaruza shavu lako kwa ndani." Nikakwaruza. "Paka. Pika rangi." Nikafanya yote, nikitokwa na jasho, nikaweka kioo changu chini ya darubini. Chembe kubwa, bapa, zenye nukta katikati. Kisha akaniwekea kioo cha Eliakimu. Humo mlikuwa na kamasi lenye nyuzinyuzi, na zile chembe ndogo za usaha zilizobanana, na vijiti vyekundu.

"Hiki kimetoka kifuani," akasema Mwalimu. "Hivi vingine vimetoka mdomoni. Umekwenda mpaka Suji, mwanangu, ukarudi na mate. Uliwaona wakikohoa?"

Nikataka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshaiandika mara hamsini na tano. Lakini mama mkwe alinijua vizuri, uso wangu ulinisaliti kabla sijafungua kinywa. Mwalimu Bakari hakunikaripia. Alianza kurudisha vioo kabatini, kimoja kimoja, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nyumbani nilimweleza Nakijwa. Nilidhani atashangaa. Alikaa chini kwenye kinu, akashika kichwa.

"Wewe ulidhani mama yangu atakukoholea? Wewe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua! Si umeoa? Nilidhani mnazo namna zenu, kwamba hiyo darubini inaona hata kwenye mate." Halafu akakumbuka vile vigelegele vyake, akaanza kulia. "Na dawa wanamkatia lini?"

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Kesho yake tulipanda wote wawili. Nakijwa alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza na alipanda mlima ule bila kuomba kupumzika hata mara moja. Kabla hatujafika nyumbani kwao tulisikia kikohozi kinatoka nyuma ya zizi la mbuzi, kirefu, kizito, cha kupasua. Kikanyamaza. Dakika kadhaa baadaye mama mkwe akatokea upande ule akiwa amejitanda vizuri, anatabasamu. "Karibuni, karibuni. Mbona hamkutuma habari?"

Hapo nilimwona kwa mara ya kwanza, maana miezi yote mitano nilikuwa naangalia ndiva. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza kwenye kanga. Sikupona aibu siku ile, na sijui kama nimeipona mpaka leo.

Tukakaa uani, Nakijwa katikati yetu. Nikasema nikiangalia chini, "Mama, naomba radhi kwa neno nitakalolisema. Kwenye kichupa umekuwa ukinipa mate."

Akamjibu binti yake, si mimi. "Mwambie mumeo, alitaka nimpe nini? Nimtolee uchafu wa kifua changu, mwanaume aliyekuja kuchukua binti kwenye nyumba hii? Kila alipokuja niliamka mapema nikasugua mdomo kwa majivu. Kile kichupa nacho nilikisugua kwa majivu. Nimempa kilicho safi. Hata wenzangu niliwafundisha."

Ndugu zangu wa maabara, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Kumbe usafi wa vioo vile ulikuwa umefanyiwa kazi.

"Mama," nikasema, sasa moja kwa moja, "kwa hayo mate Bwana Vichupa amekuandika umepona. Mwisho wa mwezi huu hupati tena vidonge. Wala wenzako."

Akageuka, akaniangalia usoni. Hakuwahi kufanya hivyo. "Lakini sijapona."

"Najua, mama. Nimekusikia."

"Mzungu ana kioo kinachoona mfupa ndani ya nyama. Nilidhani haya mengine ni desturi tu, kama kutia dole gumba kwenye karatasi."

Nikamwambia ninaweza kumwomba Mwalimu Bakari aje badala yangu, mtu wa pwani, asiye mkwe wa mtu. Lakini Mwalimu alikuwa mnene na magoti mabovu, mlima ule angeupanda kwa wiki. Nikasema pia Nakijwa angeweza kupokea vichupa. Mama mkwe alisikiliza yote, akachora chora udongo kwa kidole.

"Na wale kina mama wengine, watakubali?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Hawatakubali. Niliwafundisha mimi." Akakohoa kidogo, akajizuia, akaziba mdomo kwa kanga, kisha nikaona anashusha ile kanga. "Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa saba, na sasa nataka kuona watoto wa hao saba. Lete chupa yako. Nakijwa, kawaite wenzangu."

Wakaja. Wote kumi, wengine na watoto mgongoni, wakasimama kwenye ukingo wa ua. Mama mkwe akakaa kwenye kigoda katikati yao. Nikaanza kugeuka, kwa mazoea.

"Usigeuke," akasema. "Karatasi yako inasema uone. Basi ona."

Akakohoa. Alikohoa kutoka chini kabisa, kama nilivyomwomba kwa miezi mitano, mwili mzima ukakunjika, machozi yakamtoka, na Nakijwa akamshika mgongo. Alipomaliza akakitazama kichupa, akakifunga, akaninyooshea bila jani la mgomba. Mama mdogo wa Nakijwa akanyoosha mkono akapokea kichupa cha pili, na wa tatu akafuata, na asubuhi ile mteremko mzima wa Suji ulinikoholea usoni.

Walipokwisha kwenda, alileta makande kwenye bakuli moja na vijiko viwili, akakaa mbele yangu. Sikujua niangalie wapi. "Kula," akasema. "Niliyekohoa mbele yako, nitashindwa kula mbele yako?"

Eliakimu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Akasema radhi yake ni jogoo mwekundu, na tangu siku hiyo mpaka uzeeni, kila nikimtembelea aliwaita watoto wake: "Njooni mwone mtu anayejua kusoma mate." Lakini yeye aliyeonekana mtoro ndiye aliyekuwa amepata haki yake. Kwa sababu mdudu wake alionekana, Bwana Vichupa alikuwa ameshamwongezea ule unga, naye akaanza kunenepa.

Same nilifika na sanduku zito. Mwalimu Bakari na mimi tulipika rangi pamoja, nikaanza na namba ya mama mkwe. Buluu, kamasi, chembe za usaha zimebanana, na katikati yake vijiti vyekundu, vingi. Sijawahi kabla wala baada ya hapo kufurahi kuona wadudu ndani ya mtu ninayempenda. "Yumo, Mwalimu," nikasema. Kati ya wale kumi na mmoja, saba walikuwa nao.

Kisha nikaenda kwa Bwana Vichupa na fomu zangu zote. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilimwonyesha ile safu ya mwisho, nikamwambia sikuona hata mara moja, nilikuwa naangalia maji. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Kwa nini wewe andika ndiyo?"

"Kwa sababu kuandika hapana ingekuwa kusema mama mkwe wangu ana makosa."

Hakuelewa, nikamweleza habari za ukwe tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Halafu akachukua rula na wino mwekundu, akapiga mstari juu ya miezi mitano ya Suji, ukurasa kwa ukurasa, na kila mstari niliuona kwenye ngozi yangu. Akaandika barua nyingine kwa wakubwa zake, akanipa nikaipeleke posta mwenyewe. Hakunifukuza. Alisema, "Mtu sema mimi nimekosa, mimi nataka yeye. Anza tena." Dawa hazikusimamishwa. Mama mkwe na wenzake waliokuwa na vidonge vitupu waliongezewa unga mchungu, na safu ya mwisho ya fomu nikaijaza kwa macho yangu.

Mama mkwe aliulalamikia unga ule kila mwezi kwa mwaka na nusu. Aliunywa akiwa ameziba pua, kisha anatafuna kipande cha muwa. Mabega yakaanza kujaa. Ule uso wa macho ya kucheka ukarudi. Na aibu ikamwisha kabisa, akawa ananikoholea hata nikiwa bado kwenye kijia sijavuka uzio, "ili nisikucheleweshe."

Mwezi wa mwisho nilifika kama kawaida. Nakijwa alikuwa amekuja nami na mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa ameanza kutembea. Asubuhi mama mkwe akakaa kwenye kigoda mbele yetu sote, kanga kiunoni, akachukua kichupa. Akakohoa. Akajipiga kifua, akakohoa tena. Akasimama, akainama, akamwambia Eliakimu ampige mgongo, akakohoa mara ya tatu mbele ya macho yangu yaliyokodoa. Akakiangalia kichupa, akakigeuza chini juu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimejaribu tangu alfajiri. Leo sina cha kukupa."

Nilipiga magoti pale uani nikalia mbele ya mama mkwe wangu kama mtoto, na yeye, asiyejua kosa lake ni lipi, akanifuta machozi kwa kanga yake.